Boriti Iliyodhoofika na Mkanda wa Nyuzi za Kaboni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Utangulizi

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni ya kweli, lakini katika nyumba za zege ina mtego wake. Upo ufa ambao ukizibwa juu juu huendelea kukua ndani, hali mwenye nyumba akidhani kwamba amekwisha kuuponya. Somo hili lahusu ufa wa namna hiyo, na lahusu dawa moja ya kisasa ambayo siku hizi huuzwa kwa ajili yake: mkanda wa nyuzi za kaboni.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anamiliki nyumba ya ghorofa moja karibu na bahari, iliyojengwa miaka thelathini iliyopita. Chini pana duka, juu wanaishi wapangaji. Miaka miwili iliyopita sebule ya juu iligawanywa kwa ukuta wa matofali ya saruji, na kando ya ukuta huo likawekwa tangi la maji la lita 2,000. Sasa chini ya boriti ya dukani pameonekana ufa mrefu. Plasta imebanduka, na nondo yaonekana ikiwa imevimba kwa kutu.

Fundi wa kwanza anamwambia: "Mama, hii ni plasta tu. Kesho nakuja kuipiga upya." Wa pili anamwambia: "Siku hizi kuna mkanda wa kaboni, mama. Tukiubandika hapa, boriti itakuwa na nguvu kuliko ilipokuwa mpya."

Fundi wa kwanza amekosea. Wa pili huenda akawa na haki, na huenda akawa anauza hatari. Linalotenganisha mambo hayo mawili ni swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza: ni kitu gani kilichoidhoofisha boriti hii, na je, kimeondolewa? Msomaji akilishika swali hilo tu, atakuwa amepata kiini cha somo hili.

1. Kazi ya boriti

Boriti, ambayo mafundi wengi huiita bimu, ni mhimili uliolala unaobeba sakafu ya juu na kuupeleka uzito wake kwenye nguzo. Ukilaza ubao juu ya matofali mawili kisha ukaukalia, utaona ubao ukibonyea katikati. Upande wake wa juu hubanwa. Upande wa chini huvutwa. Boriti nayo hupatwa na hayo hayo, ingawa macho hayaoni.

Zege ni hodari wa kubanwa lakini ni dhaifu sana wa kuvutwa. Ndiyo sababu nondo hulazwa upande wa chini wa boriti, zipokee mvuto ambao zege haliwezi kuustahimili. Ringi zinazozizunguka nondo zina kazi yake pia: huzuia zege lisipasuke kwa mshazari karibu na nguzo.

Kwa hiyo ufa una lugha yake, na yafaa mwenye nyumba ajifunze kuisoma:

(a) Nyufa za wima, nyembamba kama unywele, katikati ya boriti. Hizi huonekana katika boriti nyingi zilizo salama. Ziwekee alama na tarehe kwa penseli kwenye ncha zake. Zikirefuka au kupanuka, mwite mhandisi.

(b) Ufa unaokwenda sambamba na urefu wa boriti, kwa kufuata nondo, hasa ukiwa na madoa ya rangi ya kahawia. Hiyo ni dalili ya kutu.

(c) Ufa wa mshazari karibu na nguzo. Huu ni wa hatari kuliko yote, kwa sababu boriti inaweza kukatika ghafla. Ondoa watu chini na juu ya mahali hapo, na umwite mhandisi siku hiyo hiyo.

2. Mambo yanayodhoofisha boriti

Zege zuri huilinda nondo kwa sababu lina hali ya alikali, na chuma kilichozungukwa na alikali hakipati kutu kwa urahisi. Ulinzi huo huvunjwa na mambo mawili. La kwanza ni hewa ya kaboni dioksidi, ambayo hupenya polepole ndani ya zege mwaka hadi mwaka na kuiondoa ile alikali. La pili ni chumvi: ile iletwayo na upepo wa bahari, na ile iliyotiwa tangu mwanzo na wajenzi waliotumia mchanga wa pwani usiooshwa au maji ya kisima cha chumvi.

Chuma kikishika kutu huvimba. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi mara sita ya ile iliyochukuliwa na chuma chenyewe kabla ya kuliwa. Zege lililoifunika nondo hulazimika kupasuka kutoka ndani. Hivyo plasta inapobanduka, ugonjwa si wa plasta, bali ni wa nondo, na kila siku inayopita nondo hiyo inazidi kuwa nyembamba.

Sababu nyingine ni uzito ulioongezwa. Lita 2,000 za maji ni tani 2. Ukuta wa matofali ya saruji ya inchi sita yasiyo na matundu, wenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3, unaweza kuzidi tani 3. Katika mfano wetu, boriti ambayo nondo zake zinaliwa na kutu imeongezewa kiasi cha tani 5 ambazo huenda mchoraji wa nyumba hakuzihesabu kamwe.

Sababu ya tatu ni zege lililokuwa baya tangu lilipomwagwa: saruji kidogo, maji mengi, au zege lisiloshindiliwa vema. Sababu hii ni muhimu sana kwa habari ya mkanda wa kaboni, kama tutakavyoona.

3. Mkanda wa nyuzi za kaboni ni nini

Nyuzi za kaboni ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Maelfu ya nyuzi hizo hupangwa pamoja na kushikamanishwa kwa utomvu wa epoksi, zikawa mkanda mweusi mgumu. Mkanda wa kawaida una unene wa milimita 1.2 au 1.4. Hubandikwa kwa gundi ya epoksi chini ya boriti, mahali pale pale penye mvuto mkubwa, ili usaidiane na nondo zilizo ndani. Ipo namna nyingine iliyofumwa kama kitambaa laini, ambayo hulowekwa utomvu papo hapo na kuzungushwa pembeni mwa boriti au kwenye nguzo.

Njia hii ilikuzwa nchini Uswisi katika miaka ya 1980 na mhandisi Urs Meier pamoja na wenzake wa taasisi ya utafiti ya EMPA. Kabla ya hapo boriti dhaifu zilikuwa zikibandikwa mabamba ya chuma, ambayo ni mazito na hushika kutu. Mwaka 1991 mkanda wa kaboni ulitumiwa kwenye daraja la Ibach, karibu na mji wa Lucerne. Daraja hilo lilikuwa limejeruhiwa na watu waliokuwa wakitoboa zege ili kusimika taa za barabarani. Walikata baadhi ya nyaya za chuma zilizolikaza daraja kwa ndani. Kazi ambayo ingehitaji kilo 175 za bamba la chuma ilitimizwa kwa kilo 6.2 za mikanda ya kaboni.

Yafaa kulitazama tukio hilo kwa makini. Zege la daraja lilikuwa zima. Chanzo cha udhaifu kilijulikana: mashine ya kutobolea. Chanzo hicho kilikuwa kimekwisha kukoma. Hiyo ndiyo hali ambamo mkanda wa kaboni hufanya kazi yake vizuri kabisa. Boriti ya mama yetu haimo katika hali hiyo, walau bado.

4. Mambo ambayo mkanda hauwezi kuyafanya

Mkanda hauponyi kutu. Ukibandikwa juu ya nondo inayoliwa na chumvi, kutu huendelea nyuma yake. Zege litavimba, litapasuka na kuubandua mkanda. Ubaya zaidi ni kwamba mkanda umekwisha kuzificha dalili ambazo zingemwonya mwenye nyumba.

Mkanda hauna nguvu kuliko ngozi ya zege ulilobandikwa. Hapa ndipo wauzaji wanapowapoteza wanunuzi kwa tarakimu. Ni kweli kwamba mkanda wa upana wa milimita 100 na unene wa milimita 1.4, ukivutwa peke yake kiwandani, unaweza kustahimili kiasi cha tani 40 kabla ya kukatika, hali nondo moja ya milimita 16 huanza kulegea kwenye tani 9 hivi. Lakini juu ya boriti mkanda haukatiki, hubanduka. Zege la juu juu ndilo linalochanika kwanza, tena mapema, kabla mkanda haujafikia hata nusu ya nguvu zake. Kwa sababu hiyo mhandisi mwaminifu hahesabu tani 40. Huhesabu kiasi ambacho zege lako linaweza kukishika.

Mkanda haunyanyui boriti iliyokwisha kubonyea. Huanza kubeba uzito unaoongezeka baada ya kubandikwa tu. Kama uzito wote upo tayari juu ya boriti siku ya kazi, mkanda utakaa pale kama mtu aliyefika shambani jembe la mwisho likiwa limekwisha kuanguka. Kwa ajili hiyo uzito unaoweza kuondolewa huondolewa kwanza, na boriti huegemezwa kwa mirunda au nguzo za chuma za muda hadi gundi ikauke.

Gundi haistahimili moto. Epoksi nyingi za kazi hii huanza kulainika katika joto lililo kati ya nyuzi 50 na 80 za Selsiasi. Moto wa jikoni huzidi hapo kwa dakika chache. Kwa hiyo kanuni inayofuatwa na wahandisi, ambayo imo pia katika mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani uitwao ACI 440.2R, ni kwamba boriti lazima iweze kubeba uzito wake wa kila siku hata mkanda ukitoweka kabisa. Mkanda ni wa kuongeza akiba ya nguvu. Boriti isiyoweza kusimama bila mkanda isiachiwe mkanda peke yake.

5. Uchunguzi hutangulia tiba

Mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Kabla ya kukubali bei yoyote, mtake mhandisi wa miundo akufanyie uchunguzi na kukuandikia taarifa. Uchunguzi kamili huwa na mambo haya:

(a) Kugonga boriti kwa nyundo ndogo urefu wote. Sauti tupu, kama ya debe, huonyesha zege lililoachana na nondo.

(b) Kufichua nondo mahali pachache na kuupima unene uliobaki, kwani nondo iliyoandikwa milimita 16 katika ramani huenda sasa ikawa milimita 12.

(c) Kupima kina ambacho kaboni dioksidi imekifikia. Dawa iitwayo fenolfthaleini hunyunyiziwa kwenye zege lililobanjwa punde: likigeuka rangi ya waridi, alikali bado ipo, lisipobadilika, ulinzi umekwisha.

(d) Kuchukua unga wa zege na kupima kiasi cha chumvi maabara.

(e) Kupima nguvu ya zege lenyewe, kwa kukata vipande vya mviringo na kuvikandamiza maabara. Mwongozo tulioutaja hauruhusu mkanda wa namna hii juu ya zege lenye nguvu iliyo chini ya newtoni 17 kwa milimita ya mraba.

(f) Kipimo cha kuvuta. Kisahani cha chuma hubandikwa kwenye zege lililosafishwa, kisha huvutwa kwa mashine ndogo mpaka king'oke. Kiwango cha chini ni newtoni 1.4 kwa milimita ya mraba. Kwa kisahani cha kipenyo cha milimita 50, hiyo ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 280 hivi. Zege likishindwa kabla ya hapo, halifai kubandikwa mkanda.

Msomaji atakayeuliza juu ya gharama ya vipimo hivi na ailinganishe na gharama ya kazi yote. Mwenye nyumba atakayeambiwa kwamba boriti yake haifai kwa mkanda atakuwa ameokoa fedha nyingi, na yamkini maisha ya watu pia.

6. Kazi inavyofanyika, na mambo ya kutazama

Mwenye nyumba hahitaji kuwa fundi ili aone kama hatua zinafuatwa. Mpangilio ni huu:

Kwanza, uzito hupunguzwa na boriti huegemezwa.

Pili, zege lililooza hubomolewa hadi nyuma ya nondo. Nondo husafishwa hadi chuma king'ae. Zilizoliwa mno huongezewa nyingine. Pengo hujazwa kwa chokaa maalumu cha kukarabatia zege, si kwa plasta ya kawaida. Pale ambapo chumvi imeenea mno, mhandisi aeleze kwa maandishi atakavyoikabili, kwa maana kiraka kilichozungukwa na zege lenye chumvi huhamishia kutu pembeni yake.

Tatu, uso wa boriti husagwa kwa mashine mpaka kokoto zionekane, kisha vumbi hufyonzwa. Rangi, plasta au mafuta yakibaki, gundi itashika rangi badala ya zege. Ikiwa kitambaa kitazungushwa, kingo kali za boriti huviringwa ili zisikate nyuzi.

Nne, unyevu hupimwa. Epoksi nyingi hazikubali zege bichi lenye maji. Katika hewa ya pwani, hasa wakati wa masika, kazi isianze kwa sababu tu fundi amefika. Iahirishwe ikiwa uso wa zege una umande.

Tano, sehemu mbili za gundi huchanganywa kwa vipimo vya kiwanda, kwa kiasi kidogo kidogo, kwa sababu joto letu huifanya ikauke upesi. Gundi iliyoanza kuganda ndani ya ndoo itupwe. Isiongezwe kiyeyushi ili ilainike.

Sita, mkanda hubandikwa na kukandamizwa kwa rola mpaka gundi itokeze pande zote mbili. Nyuzi za kaboni zisigusane na nondo, kwa kuwa kaboni hupitisha umeme, na mgusano huo huharakisha kutu.

Saba, baada ya gundi kukauka, mkanda hugongwa polepole urefu wote ili kutafuta mahali patupu. Mirunda haiondolewi mpaka mhandisi atoe idhini. Kisha mkanda hufunikwa kwa kinga ya moto au ya jua, kama mhandisi alivyoagiza.

Mafundi wavae glavu, miwani na barakoa. Epoksi huunguza ngozi, na vumbi la zege hudhuru mapafu. Wapangaji nao waondoke katika vyumba vinavyofanyiwa kazi.

7. Njia nyingine zizingatiwe

Mkanda wa kaboni ni mwepesi na haupunguzi kimo cha chumba, lakini hauwi jibu bora kila mara. Kuondoa ukuta na tangi ni tiba ya bei nafuu kuliko zote. Kuongeza nguzo katikati ya boriti huipunguzia kazi kwa kiasi kikubwa, ingawa huhitaji msingi wake na mhandisi wa kuhesabu upya nondo zilizopo. Kuivisha boriti zege jipya lenye nondo mpya huongeza uzito na unene, lakini hufaa pale ambapo nondo za zamani zimekwisha kuliwa. Mtake mhandisi akueleze kwa nini amechagua njia moja na kuziacha nyingine.

8. Mkataba na haki zako

Nchini Tanzania mhandisi anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mkandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Omba namba za usajili na uzihakiki kwenye bodi zenyewe. Iulize halmashauri yako kama kazi yahitaji kibali. Kisha hakikisha mkataba una mambo haya:

- Taarifa ya uchunguzi na mchoro wa kazi vyenye sahihi ya mhandisi.
- Jina la mkanda na la gundi, kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Mkanda na gundi viwe vya mfumo mmoja uliopimwa pamoja.
- Vipimo vya kuvuta kabla ya kazi, na ukaguzi wa sehemu tupu baada yake.
- Malipo kwa hatua. Sehemu ya mwisho ilipwe baada ya mhandisi kuikubali kazi.
- Muda wa dhamana, na ratiba ya ukaguzi wa miaka ijayo.

Ni vema mhandisi anayechunguza asiwe ndiye anayeuza mkanda. Tunza nyaraka zote. Mnunuzi au fundi wa kesho anapaswa kujua kwamba chini ya rangi pana mkanda, asije akautoboa ili kutundika feni. Ukishuku kwamba umeuziwa bidhaa bandia, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani, ukiwa na stakabadhi na picha za vifungashio.

Muhtasari

Mkanda wa nyuzi za kaboni ni msaada wa kweli kwa boriti yenye zege zima, ambayo chanzo cha udhaifu wake kimejulikana na kukomeshwa. Juu ya zege bovu au nondo inayoliwa, mkanda huo ni pazia. Mama wa mfano wetu aanze leo kwa kuondoa tangi, kuwahamisha watu walio juu na chini ya boriti, kuiegemeza kwa usimamizi wa mhandisi, na kusubiri vipimo. Baada ya hapo ndipo azungumze na fundi yeyote juu ya bei.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini plasta mpya haiponyi ufa unaofuata nondo?
2. Muuzaji akikuambia kwamba mkanda wake hubeba tani 40, utamuuliza nini kuhusu zege lako?
3. Kwa nini uzito hupunguzwa kabla ya kubandika mkanda, wala si baadaye?
4. Moto ukitokea na gundi ikalainika, ni kitu gani kinachopaswa kuendelea kuibeba sakafu?
5. Tazama boriti za nyumba unayoishi. Ni uzito gani umeongezwa juu yake tangu nyumba ilipojengwa?